Ridhaa ya Saba

Wakurugenzi sita walikwisha kupita pale Runinga ya Kombeo, mjini Tabora, na wa saba alimkuta Sikudhani Mbaruku kwenye benchi lile lile la ukumbini, akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoyafunga kwenye kitambaa. Mkurugenzi alimpita bila salamu. Alidhani ni mfagiaji. Wafagiaji nao walikwisha kuondoka zamani, kazi yao inafanywa na visahani vyenye magurudumu, lakini mtu mwenye dira kubwa haoni vitu vidogo kama hivyo.

Sikudhani alikuwa na miaka sabini na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa sauti ya Bi Gamba. Bi Gamba ni kakakuona wa katuni, mnene, mvivu, mwenye akili za pembeni. Kipindi chake kilifunguka kwa namna moja tangu siku ya kwanza: anawekwa uwanjani, mbele yake vitu vitatu, naye anachagua kimoja, kama wazee wa Unyamwezi walivyofanya alipoonekana kakakuona wa kweli, wapate kujua kama mwaka utakuwa wa njaa au wa shibe. Alichokichagua ndicho kilichozaa hadithi ya jioni hiyo.

Mwasisi, Mwalimu Sungwa, aliweka maji, mtama na mshale. Miaka tisa watoto wakashiba hadithi. Mwalimu akafa, akaja kanali mstaafu, akaweka bendera, filimbi na buti, na tangu hapo viboko wote wa katuni wakawa wanatembea kwa gwaride. Akaja mama mmoja mcha Mungu ambaye aliona haya kwa niaba ya wanyama. Akawavalisha viboko suruali. Wa nne alikaa siku kumi na moja tu: alibadili mapazia, akaagiza wimbo mpya, akafukuzwa wimbo ukiwa bado kwa mpiga gitaa. Wa tano aliweka mswaki, sabuni na dawa ya minyoo, maana nduguye alikuwa na kiwanda. Wa sita hakuweka kitu, akasema utupu ndiyo sanaa. Watoto wakatoka wakacheza nje, na hilo ndilo jambo jema pekee alilowahi kufanya katika maisha yake ya utumishi.

Na kila mmoja, kabla kiti hakijapata joto, alifuta kazi ya mwenzake. Huo ndio ulikuwa mwiko wa Kombeo, haukuandikwa popote: mkurugenzi hagusi kilichoguswa na aliyemtangulia. Fisi akihamia kwenye pango la fisi mwenzake, kwanza anakojoa.

Kitu kimoja tu hawakukiweza. Saa moja na nusu jioni Bi Gamba alijikunja duara akasema, "Macho yameona ya kutosha. Sasa yaacheni yaote." Naye Kenge, rafiki yake mjuaji, akajibu, "Mimi sina usingizi," na kabla hajamaliza akaanza kukoroma. Kioo cha runinga kikawa cheusi. Nchi nzima wazazi waliinua watoto wakawapeleka vitandani, hakuna aliyebishana. Sauti ya Kenge ilikuwa ya Habibu Songoro, aliyekaa kiti cha pili chumba cha sauti miaka yote hiyo, mtu asiye na mke, mtoto wala picha. Alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Sikudhani aliitwa ndani. Alikunja kitambaa chake, akaenda.

*

Mkurugenzi wa saba aliitwa Gervas Lukindo. Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa na ndevu zilizochongwa kwa rula. Alipojulishwa kwamba yule mfagiaji ndiye Bi Gamba, alimkumbatia kwa nguvu, kama vile alikuwa akimtafuta tangu utotoni. Akampa shikamoo ya kuchelewa. Sikudhani akaitika marahaba huku akimtazama viatu.

Alichotaka Lukindo ni ridhaa. Sheria ya Mwenye Sauti inasema hivi: sauti ya mtu ikitumiwa na mashine, kila uongozi unapobadilika mwenye nayo lazima airidhie upya, kwa kinywa chake, mbele ya kinasa. Karatasi moja, inasomwa kwa dakika nne. Ridhaa hairudiwi na haihaririwi hata silabi, maana zamani wakurugenzi waliwakalisha wazee siku nzima wakiwarudisha rudisha mpaka wakakubali mambo wasiyoyajua. Sikudhani alikwisha kusoma sita. Hakuna mkurugenzi hata mmoja aliyekaa kumsikiliza. Kwao ilikuwa kama kupiga muhuri.

Lakini huyu alipenda kueleza. Alimketisha mbele ya kioo kikubwa akamwonyesha Mfumaji.

Mfumaji ilikuwa mashine iliyochora na kusimulia papo hapo, kila mtoto hadithi yake. Kioo kilimtazama mtoto kama mtoto alivyokitazama. Kilipima mboni ya jicho: ikipanuka, hadithi inaendelea, ikilegea, hadithi inapinda, mlango unafunguka, mtu anaanguka kisimani, Bi Gamba anamwita mtoto kwa jina lake. Kwenye ufunguzi, mbele ya Bi Gamba, Lukindo aliweka milango mitatu. Yote ilikuwa ya kuingilia. Wa kutokea haukuwepo.

"Na ule mwisho?" akauliza Sikudhani. "Anapojikunja?"

Lukindo akacheka kwa huruma. Akasema mwisho ni ugonjwa wa runinga za kizamani, mtoto unampata kwa jasho halafu unamfukuza mwenyewe. Jaribio la nyumba arobaini, mtaa wa Ipuli, lililotumia sauti ya ridhaa ya sita, lilionyesha mtoto mmoja anakaa wastani wa saa nne na dakika kumi baada ya jua kuzama. Alilitamka hilo kama mtu anayetaja daraja alilolijenga.

Sikudhani aliijua Ipuli, alikuwa akiishi huko. Jirani yake alikuwa na binti wa miaka saba, Siwema, mmoja wa hao arobaini. Siku ya tisa ya jaribio Siwema alisinzia asubuhi akaangusha uso kwenye bakuli la uji wa moto. Shavu lilibabuka kama ganda la kiazi. Mama yake alisema mtoto hakulia kwa kuungua. Alilia kwa sababu Bi Gamba alikuwa bado hajamaliza kumwambia kitu.

Alimweleza Lukindo habari hiyo, taratibu, bila kupandisha sauti. Lukindo akatikisa kichwa, akaandika kitu, akasema watazingatia suala la uji.

Kisha akaendelea na dira. Aliongea juu ya mageuzi na juu ya safari, na juu ya meza ambayo sote tumeizunguka. Maneno yalitoka kama maji ya bomba la kiwandani, mengi na ya vuguvugu. Sikudhani akapiga mwayo. Hakukusudia, ulimtoka tu, mrefu, wa kuliza machozi. Na hapo hapo Lukindo, katikati ya neno "endelevu", akaachama naye mpaka magego yakaonekana. Hakujua hata kilichompata. Pembeni Majuto Kasanda, fundi wa mashine, akafunika mdomo kwa kiganja.

Sikudhani alimtazama mkurugenzi, kisha fundi, kisha akatazama chini kwenye kitambaa chake cha matobolwa. 

*

Majuto alimfuata ukumbini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, alianza kazi Kombeo akiwa kijana, na ndiye fundi pekee aliyesalia tangu enzi ya Mwalimu. Mkononi alikuwa na karatasi ya kijani.

Alimkumbusha kwamba saa sita kamili mchana ghala linafutwa. Ghala ni saa elfu tisa za sauti na picha, kuanzia kipindi cha kwanza. Lukindo alikwisha kuweka saini. Alisema hataki Kombeo yake inuke jasho la watu sita. Mfumaji haihitaji ghala, dakika nne za ridhaa zatosha kutengeneza koo zima. Koo ndilo jina ambalo mafundi waliipa sauti iliyo ndani ya mashine.

Lakini karatasi ile ya kijani ilikuwa hati ya urithi. Msanii aliyetumikia zaidi ya miaka thelathini akiisaini kabla ya saa hiyo, ghala haligusiki, hata na mkurugenzi. Majuto alikwisha kuijaza yote. Palibaki saini tu.

"Weka hapa, Mama," akasema, "tumkomoe."

Sikudhani aliichukua kalamu. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kwa hilo hasa. Alikuwa amevaa gauni lake jema kwa ajili hiyo. Badala ya kuandika, akamuuliza Majuto kama anakumbuka ridhaa ya tano, siku Habibu alipokohoa.

Majuto alikumbuka vizuri. Habibu alisoma ridhaa akiwa na mafua, na kwa siku mbili Kenge wa kwenye kioo alikohoa kila baada ya sentensi. Mashine haijui lipi neno na ipi pumzi. Inachukua vyote kama tabia ya mtu. Ilibidi Majuto achanganye sauti za ghala, mamia ya saa, mpaka kikohozi kikazama kama chumvi kwenye ndoo ya maji.

"Na kama ghala halipo?"

"Kama halipo, unachanganya na nini? Koo linabaki na kikohozi chake mpaka mkurugenzi abadilike."  Alikuwa mwerevu, ilimchukua muda mfupi tu. Akaitazama ile karatasi ya kijani, akamtazama bibi, na uso ukambadilika. "Hapana, Mama. Gomea tu. Kataa kusoma."

Akikataa, watanunua koo la kufanana naye kutoka mji mwingine, mtu yeyote mwenye njaa na sauti nzito, na Siwema hatajua tofauti. Majuto alilijua hilo kuliko yeye. Basi akasema atanakili ghala kwa siri, aliweke kwake.

Hapo Sikudhani akamcheka, si kwa ubaya. Alimwambia kwamba wakilitaka watamuuliza nani analo, na yeye ana watoto watatu shuleni na moyo wa siagi. Atalitoa. Atalitoa akilia, lakini atalitoa.

"Habibu yumo humo," akasema Majuto polepole. "Hana sehemu nyingine. Ukiacha lifutwe, unamzika mara ya pili, na safari hii hakuna hata kaburi."

 Kile ndicho Sikudhani alichokuwa akikipima tangu kule ofisini. Miaka mitatu, kila Ijumaa, alikuja kuketi ghalani na kumsikiliza Habibu akisema hana usingizi. Yeye mwenyewe alikuwa ametembea sana kabla ya Kombeo, alipika kwenye meli Kigoma, aliuza asali Sikonge, aliolewa mara mbili akaachika mara tatu kama alivyopenda kusema, na katika watu wote hao Habibu ndiye pekee ambaye hakuwahi kumuuliza anakwenda wapi. Sasa ama amwache Habibu aendelee kukoroma ndani ya ghala huku Bi Gamba akikesha na watoto wa watu, ama awalaze watoto na amnyamazishe Habibu. Kwa mizani yoyote ilikuwa kazi chafu.

Majuto alikuwa na swali jingine. Alimuuliza ni nani aliyemchagua awalaze watoto wa nchi nzima kwa hila, bila kumuuliza mzazi hata mmoja. Tofauti yake na Lukindo iko wapi?

"Ndogo," akasema Sikudhani. "Mimi nitaona aibu."

Akairudisha kalamu mfukoni mwa fundi. Wakakaa kwenye benchi bega kwa bega. Saa sita, taa ndogo ya kijani juu ya mlango wa ghala ikazimika. Hakukuwa na sauti yoyote. Majuto alijifuta macho kwa mkono wa shati. Sikudhani alimpa tobolwa moja, akalipokea, akalishika tu.

*

Ridhaa ilisomwa saa nane mchana. Mwayo wa kuigiza haumwambukizi mtu, hilo kila msanii analijua, na Sikudhani alihitaji wa kweli. Kwa hiyo, kabla kinasa hakijawashwa, alimwomba mkurugenzi amweleze tena ile dira, kidogo tu, ili asome akiwa ameielewa.

Lukindo alifurahi mno. Alieleza kwa dakika ishirini na tano. Alipofika kwenye meza ambayo sote tumeizunguka, bibi alikuwa amejaa miayo mpaka kooni kama chupa ya togwa iliyotikiswa.

Kinasa kikawashwa. Lukindo akageukia simu yake kupanga wageni wa jioni. Na Sikudhani, kwa sauti ya Bi Gamba, kama sheria inavyotaka, akasoma: kwamba yeye mwenye akili timamu anaridhia, na mwayo, sauti yake itumike, na mwayo mwingine mrefu zaidi, na uongozi huu mpya. Miayo kumi na saba kwa dakika nne. Majuto alihesabu akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni Lukindo aliinua macho, akasema safi sana, akauliza kama keki imefika.

*

Uzinduzi ulikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, ukumbini pale pale. Waliletwa watoto sitini, wazazi wao, wajumbe wa bodi, na waheshimiwa ambao hawakujulikana wanaheshimiwa kwa lipi. Majumbani, nchi nzima, vioo viliwashwa katika dakika ile ile. Sikudhani alisimama nyuma, karibu na mlango, mkoba kwapani.

Bi Gamba akatokea mbele ya milango mitatu. Alipendeza. Magamba yaling'aa moja moja, Mfumaji ilijua kuchora kuliko Mwalimu, ukweli usemwe.

"Hamjambo wanangu," akasema, na katika "wanangu" akapiga mwayo.

Ulikuwa mwayo mzuri. Ulianzia tumboni, ukapanda polepole, ukakaa juu kidogo, ukashuka na mguno. Watoto wa mstari wa mbele wakaachama wote pamoja kama makinda. Kisha mstari wa pili. Kisha mheshimiwa mmoja.

Mfumaji iliona mboni zikilegea. Ikafanya ilichoundwa kufanya: ikapinda hadithi. Mlango ukafunguka kwa kishindo, simba akaruka, Bi Gamba akaita watoto kwa majina yao, sitini, mmoja baada ya mwingine. Na kila jina likawa na mwayo wake. Mboni zikalegea zaidi. Mashine ikaongeza kasi, ikamsemesha zaidi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyopiga miayo. Haikujua kunyamaza. Aliyeiagiza naye hakujua, angeifundishaje?

Saa moja na dakika tano mtoto wa kwanza alilala kwenye paja la mama yake. Saa moja na robo ukumbi mzima ulikuwa umelala, mashavu yamebonyea kwenye mikono ya viti. Mwenyekiti wa bodi alikuwa anakoroma kwa heshima, mdomo umefumbwa. Simba alikuwa bado anaruka kwenye kioo, hakuna anayemtazama.

Lukindo alipanda kwa Majuto kwenye chumba cha mashine, macho mekundu, akipambana na kidevu chake mwenyewe. Alitaka sauti za zamani zichanganywe, sasa hivi.

"Hazipo, mkuu," akasema Majuto. "Zilifutwa saa sita. Kwa saini yako."

Lukindo alifungua mdomo kujibu. Ukatoka mwayo. Alitafuta kiti ili apate kukasirika vizuri, akaketi, na usingizi ukamchukua na suti yake ya maziwa, mkono ukining'inia. Kwa mara ya kwanza tangu aje Kombeo, alipitisha dakika kumi bila kufuta kitu.

Asubuhi bodi ingemtimua, hilo halikuhitaji mpiga ramli. Angekuja wa nane, na dira, na angeomba ridhaa.

Sikudhani akatoka. Ipuli haikuwa mbali, alikwenda kwa miguu. Barabarani madirisha yalikuwa yanazimika moja moja, upande huu na ule, mapema kuliko ilivyokuwa kwa wiki mbili. Dirishani kwa jirani alimwona mama yake Siwema amembeba binti begani, anampeleka ndani. Bandeji ilikuwa nyeupe shavuni. Kioo nyuma yao kilikuwa kinamwita mtoto kwa jina lake, kikipiga mwayo, na mtoto hakugeuka.

Alisimama hapo mpaka taa ikazimwa. Kisha, kwa sauti ndogo, ile aliyoitumia miaka thelathini na mmoja, akasema, "Macho yameona ya kutosha. Sasa yaacheni yaote."

Akasubiri jibu, kwa mazoea tu. Akajaribu kujibu mwenyewe. Akasema, "Mimi sina usingizi," na sauti iliyotoka ilikuwa yake yeye, hata kidogo haikufanana na ya Habibu. Akauweka mkoba sawa kwapani, akaingia ndani.